Uliza kwanza ile verbi ilizaliwa wapi

Mwaka 2023 nilikuwa natafsiri kwa shirika moja ya misaada, sitaitaja, kwenye kambi ya watu waliokimbia vita, magharibi ya Goma, mashariki ya Kongo, ile njia ya kwenda Sake. Siku moja akaja mgeni toka ngambo. Wamama wamekaa chini, vitenge wametandika juu ya yale mawe meusi ya volkano, wazee wamesimama nyuma, watoto kila mahali, na yeye anaongea Kingereza taratibu kabisa ili mi nipate nafasi ya kutafsiri, akafika mahali akasema "the funding has dried up". Sikufikiri hata kidogo. Nikasema: pesa zimekauka.

Watu wakatulia, wengine wakatingisha kichwa. Hakuna aliyeuliza. Tukapanda gari, tukarudi mjini, nikalala vizuri.

Kisha wiki mbili nikarudi kule kwa kazi ingine, mama mmoja akanifata nyuma nyuma mpaka karibu na gari. Akashika ncha ya kitenge chake, kuna fundo, akaanza kulifungua polepole na vidole, ndani kuna jetoni yake ya kuchukulia chakula, safi, haijakunjika hata. Akaniambia: "Mtoto wangu, ile pesa mulisema imekauka, watatugawia siku gani?"

Sikuelewa. Nikamuuliza, mama, ulisikia namna gani ile siku? Akanijibu bila hasira yoyote: "Si mulisema imekauka? Kitu ikikauka iko tayari."

Na kwake ilikuwa kweli kabisa. Kama umeshafika Kituku pale ziwani asubuhi, unajua. Sambaza, samaki zetu ndogo za ziwa, zikitoka majini zimelowa mama hana amani, anazitandaza juu ya neti, anageuza na mkono, anageuza tena, anaangalia mawingu, kwa sababu mvua ikinyesha mali imeenda. Mpaka ile saa jua linapokuwa kali na zile samaki ndogo zinakauka mpaka ukizimimina kwenye mfuko zinalia kama majani makavu. Hapo njo anapumua. Hazitaoza tena, zinaweza kungoja mnunuzi wiki nzima, zinaweza kuvuka mpaka. Muhogo ni vile vile, haujakauka haupeleki kwa mashini. Maharage vile vile. Kwa mtu wa kulima na wa kuvua, kukauka ni mwisho mwema wa kazi. Kwa hiyo yule mama alichosikia ni kwamba pesa yao iko mahali, imetunzwa vizuri, inangoja tu siku ya kugawa. Vijana wa mjini labda wangenielewa, juu wao wanasema mfuko umekauka, lakini kwenye kambi sikuwa natafsiria vijana wa mjini peke yao.

Roho iliniuma sana. Wiki mbili mtu anangoja kitu ambayo haipo, anakataa kwenda kutafuta kibarua mbali juu anaogopa wasimkose siku ya kugawa, na yote hiyo inatoka kwa neno moja nililolitoa mdomoni bila kulipima.

Mi Kingereza nilijifunza kama wengi wetu hapa. Masomo yote Kifaransa, Kingereza masaa machache kwa wiki, na kaye, yaani daftari, yenye kolone: huku verbi (kitenzi) ya Kingereza, huku Kifaransa, baadaye nikaongeza ya tatu ya Kiswahili. Hiyo kaye ninayo mpaka leo, na ukifungua kwenye D utakuta nimeandika vizuri na biki ya bluu: dry, sécher, kukauka. Hakuna kosa hata moja kwenye ule mstari. Njo maana ilinisumbua, kila neno lilikuwa sawa na bado nilidanganya watu.

Aliyenifungua macho ni yaya mmoja wa Bukavu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa), ametafsiri miaka mingi kuliko mi. Nilimweleza yote, hakunicheka. Akaniambia, mdogo wangu, we kila mara unauliza verbi maana yake ni nini, uliza kwanza ilizaliwa wapi. Kila verbi ilikuwa na kazi ya mikono au ya miguu mbele ya kwenda kufanya kazi ya pesa, ya vita, ya moyo. Ukiijua nyumba yake ya kwanza utajua inachukua nini na inaacha nini ikihama. Alafu, akasema, usihamishe nyumba yao ulete hapa, tafuta nyumba yetu ambayo iko na kitu ile ile ndani.

"Dried up" ilizaliwa kisimani na mtoni. Mzungumzaji wa Kingereza akisema vile anaona maji yalikuwa yanakuja yenyewe, leo umefika na bido yako, dumu la maji, umekuta udongo umepasuka. Na kale kaneno kadogo ka nyuma, "up", njo kanabeba mzigo wote. "Dry" peke yake inaweza kuwa nguo, tofali, sambaza. Ukiweka "up" imefika mwisho, hakuna kilichobaki, sawa na "eat up" ni kula mpaka sahani iwe nyeupe na "use up" ni kutumia mpaka hakuna. Hako kaneno kwenye kaye yangu sikukaandika hata, nilikaona kama mavumbi. Sasa Goma hatuna mto hata mmoja, mvua ikinyesha inapotelea ndani ya mawe, maji tunachota ziwani na bido za njano, na ziwa haliishi, lakini wengi wa wale watu walitoka Masisi, kule milimani, chemchem wanazijua, ningesema tu chemchem ya pesa imekauka wangeshika. Au bora zaidi ningeacha picha kabisa: pesa zimekwisha, zingine hazikuji kwa sasa.

Tangu pale nikaanza kutembea na hilo swali kila siku, na mahali lilinifundisha zaidi ni kwenye moto, juu sisi watu wa Goma moto tunaujua.

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho (Jumamosi) jioni, Nyiragongo, volkano yetu, ikalipuka, mbingu ikawa nyekundu. Mi mwaka 2002 nilikuwa mdogo, lava ilipita katikati ya mji, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege, ikafika mpaka ziwani, kwa hiyo watu wakubwa nyumbani hawakuuliza mara mbili, tulibeba watoto tukatoka. Lava ilisimama kule Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Lakini ardhi ikaendelea kutetemeka, tarehe 27 wakatangaza tuhame, sisi tukaenda upande wa Sake na miguu, wengine Bukavu na mabwato, wengine Gisenyi. Na kule njiani, kila telefone yenye chaji inapita mkono kwa mkono, tunasoma habari za Kingereza juu ya mji wetu: Nyiragongo "erupted". Wiki chache kisha nikakuta ile verbi ile ile mahali pengine, mapigano "erupted", na siku ingine kwenye mpira, uwanja mzima "erupted" juu ya goli. Nilikasirika, kweli. Niliona kama wanachezea kitu ambayo imechoma nyumba za watu, goli na lava wapi na wapi.

Lakini ukiwa na swali la yaya unatulia. Ilizaliwa kwenye kupasuka kutoka ndani, kitu ilikuwa imefungiwa chini, ikajaa, ikatoka ghafla bila kuomba ruhusa. Hiyo njo inasafiri. Haibebi lava, haibebi kifo, inabeba ule ughafla na ule ujazo. Kwa hiyo mapigano "yakazuka", na uwanja "ukalipuka kwa shangwe". Na kwa kicheko? Hapa njo nilianza kupenda Kiswahili yetu upya. Sisi tunasema watu waliangua kicheko, waliangua kilio. Kule pwani kuangua ni kupanda juu ya mti na kuangusha nazi chini, na kuku naye anaangua mayai. Mngereza kicheko chake ni mlima umepasuka, chetu ni tunda limeiva limedondoka, au kifaranga kimevunja yai. Kitu kilichokuwa ndani kimetoka, hiyo ni sawa, ila nyumba ni mbili tofauti kabisa. Miaka yote nilikuwa natumia "angua" na sikuwahi kuiona.

Alafu kuna mahali nyumba ni moja. "Smoulder" iliniogopesha kwenye diksionere, neno baya hata kutamka, mpaka nikaangalia mbabula, lile jiko la makaa. Umeshamaliza kupika, makaa yamefunikwa na majivu, hakuna mwanga, mtoto anafikiri ni baridi anaweka mkono. Hiyo njo "smoulder", na hiyo njo kufukuta. Hasira inafukuta, chuki inafukuta, tunaitumia vile vile wao wanaitumia, juu wote tumepika na kuni. "Fuel" nayo kwenye habari za vita zetu iko kila siku, kitu fulani "fuels the conflict", na sisi tunasema inachochea vita, na kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto uwake zaidi. Tofauti ni ndogo lakini naipenda: verbi yao inaangalia kile kinacholiwa na moto, yetu inaangalia mkono unaosukuma. Ukisema madini yanachochea vita umeweka mkono kwa madini, na madini hayana mkono. Kwa hiyo mi huwa natafsiri vita vinakula madini, au watu wanachochea vita kwa ajili ya madini, kufuatana na kile aliyesema anataka kusema, na kama sijui namuuliza. Wengine wanaona hii ni kupoteza wakati. Mi sikubali, juu hapa Kivu nani anasukuma ile kuni ni swali ambayo watu wanakufa nayo.

Verbi ndefu si ngumu sana, unazitafuta kwenye diksionere zinakuja. Ngumu ni zile fupi za kila siku. "Fall". Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, kila ujumbe wa Kingereza ulisema Goma "has fallen". Sisi tuliokuwa ndani ya nyumba tumelala chini, magodoro kwenye madirisha, tulisema mji umekamatwa. Siku kadhaa nilifikiria hiyo. Kwenye Kingereza mji unaanguka, bei zinaanguka, usiku unaanguka, askari aliyekufa vitani ameanguka, mtu anaanguka kwenye usingizi, anaanguka mgonjwa, anaanguka hata kwenye mapenzi. Yaani mtu alikuwa amesimama, chini pakakosa. Kwetu ni kinyume, mtu amekaa mahali pake na kitu inamjia: usingizi umenikamata, homa imenishika, woga ulinishika, usiku umeingia, mji umekamatwa. Wao wanaanguka ndani ya kitu, sisi kitu kinatukamata. Si sheria ya kila mahali, Kingereza nayo iko na "seize" na "grip" kwa woga, na sisi bei zetu zinashuka, lakini tangu nilipoiona hiyo njia nimeacha kuandika "sleep caught me", na nimeacha kumtafsiria mtu kwamba ameanguka mgonjwa, juu kuna siku mama mzima alikuja mbio akiuliza ameangukia wapi, ameumia kichwa?

Na mambo inaweza kuharibika ukitoka upande wetu pia. Mwaka mmoja kabla ya ile ya pesa nilikaa na daktari mgeni, mbele yetu mama ambaye mtoto wake alipotea wakati wa kukimbia. Anaulizwa unasikia nini, anajibu roho inaniuma. Nikasema "her heart is hurting". Daktari akaweka vyuma masikioni, akaanza kusikiliza kifua, akaandika kwenye karatasi maumivu ya kifua, tangu lini, upande gani. Yule mama anaangalia tu, anafanyiwa vitu ambavyo hakuomba. Kingereza iko na picha hiyo hiyo, wanasema "heartache", wanasema "heartbroken", lakini zimeshakauka kwenye umbo lao, huwezi kubadilisha hata kidogo. Ukisema moyo unauma, kwa wakati huu, mbele ya daktari, ni moyo wa nyama. Nikamwomba asimamishe, nikasema "she is grieving, her child is missing", yaani yuko na huzuni, mtoto wake amepotea. Akatoa vile vyuma masikioni akaviweka mezani, akavuta kiti karibu. Dakika hiyo naikumbuka vizuri kuliko kosa lenyewe.

Kuna na ile tabia ya Kingereza ya kuchukua jina la kitu na kulituma kazi bila kulivalisha nguo ingine. Sisi jina likitaka kuwa verbi lazima libadilishe mwisho, lipate kiambishi, unaona kabisa limehama. Wao apana, bega linakuwa verbi, mguu, uso, kiwiko, mbwa, nyani, kasuku, vyote vinatembea na sura ile ile. "Foot the bill" ni kulipa wewe. "Shoulder" ni kubeba jukumu, na hapo nafikiria wamama wa Bukavu wanaopanda na mizigo toka ziwani, kamba inapita kwenye paji la uso, mgongo umeinama, bega halihusiki. Tungekuwa sisi tumeitunga hiyo verbi ingezaliwa kwenye paji. Kwenye mikutano "flag" inakuja kila dakika tano, mtu anasema anataka "to flag" shida ya maji, na ni kusimamisha kibendera ili wengine wasipite bila kuona. Na "table" jihadhari nayo sana: Mwingereza akisema tuweke hoja mezani anataka ijadiliwe sasa, Mmarekani akisema neno lile lile anataka iachwe kwanza. Nimekaa kwenye mkutano wenye wote wawili. Uliza tu, hakuna aibu.

Zingine zinakungoja nje barabarani. "Undermine" niliitafsiri miaka na "kuharibu", inapita, hakuna anayelalamika. Lakini ilizaliwa kwenye vita vya zamani, ngome iko na ukuta mnene, badala ya kuupiga kwa mbele wanachimba handaki chini yake mpaka ukuta unashuka wenyewe. Kwa nchi yetu hiyo si hadithi, Kolwezi kuna mtaa unaitwa Kasulo, watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba zao. Kwa hiyo ni kazi ya chini kwa chini, ya polepole, huku juu kila kitu kinaonekana salama. Na Kiswahili inayo tayari, kumchimba mtu, na wazee wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtu akisema mkataba uko "undermined" sasa nasema unachimbwa, na nyuso za watu zinanionesha wamefika mahali nilitaka wafike.

"Coast" nayo nilikuwa nimeandika kwenye kaye "pwani" na basi. Simama siku moja kwenye barabara ya kutoka Kibumba, asubuhi, angalia chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinashuka na viazi na shu (kabichi). Ile mbao nzito, mzigo umefungwa juu kwa juu, kijana ameweka goti moja, haisukumi tena, mteremko njo unaibeba, yeye anashika tu mikono na kuangalia mbele. Hiyo ni "coast", kwenda bila kusukuma. Mwalimu akiandika kwamba mtoto "is coasting" hamsifu, anasema huyu anateremka tu, nguvu anazo na hazitumii. Nilimweleza mdogo wangu wa shule vile, sikumpa hata neno la Kifaransa, nilimpeleka pale barabarani, na hajaisahau.

Mwaka 2024 nikarudi kwenye ile kambi, mgeni mwingine, watu wamekaa vile vile. Akasema "the pipeline will break next month". Kaye yangu ingesema: tiyo (bomba) itakatika mwezi ujao. Na pale pale, hatua kumi nyuma yake, kulikuwa na tiyo za maji na robine, wamama wamepanga bido foleni. Ningesema vile wangekimbia kujaza maji.

Nikamwambia, samahani, mbele ya kutafsiri nataka kujua, ni maji? Akasema apana, chakula, kile kinachokuja toka mbali kinapita bandarini na barabarani mpaka hapa, kitakosekana. Nikauliza, kitakosekana kwa muda gani? Akanyamaza kidogo, akasema hajui.

Nikageuka nikasema: mwezi ujao chakula hakitakuja, na kitarudi lini hawajui.

Safari hii hakuna aliyetingisha kichwa. Kelele zikaanza, mzee mmoja akauliza swali, mwingine akauliza, mgeni akajibu mpaka jua likawa kali. Kule nyuma mama mmoja alisimama mbele ya mkutano kuisha, akafunga mtoto mgongoni, akakaza kitenge mara mbili, akamwambia jirani yake, twende tuangalie kama kule juu kuna shamba wanatafuta watu wa kulima.